Shaba kiasi gani itaingia kwenye fedha? Hesabu kwa laptop kabla ya kuwasha moto

Masonara wa Lamu hili wanalijua kwa mkono: fedha ya 925 (sehemu 925 za fedha kwa kila 1000) ukiitia moto hadi ikawa nyekundu halafu ukaizamisha majini inakuwa laini, ukiiwacha ipoe polepole inakuwa ngumu. Siri iko kwenye ile asilimia 7.5 ya shaba, manake ikiwa moto fedha inaibeba yote ndani yake ingawa bado haijayeyuka, ikipoa haiwezi tena. Kiwango hicho kinahesabika.

Hatua ya kwanza, kanuni za Hume-Rothery, za kukisia kama metali mbili zitachanganyika. Atomu ya fedha ina nusu kipenyo cha pikomita 144, ya shaba 128, tofauti ni kama asilimia 11, na mwisho unaoruhusiwa ni 15. Mpangilio wa fuwele ni mmoja, mvuto wa elektroni ni 1.93 na 1.90. Hapo utadhani zitachanganyika kwa kipimo chochote kama shaba na nikeli, na haiko hivyo kabisa! Kanuni hizi zitumie kuwatoa wasiofaa tu, kiasi hazikwambii.

Hatua ya pili ndo yenye kazi. Chukua Quantum ESPRESSO, programu ya kuhesabu nishati ya atomu, ni ya bure, jenga boksi la atomu 32, 31 za fedha na moja ya shaba, piga hesabu ya nishati yake, halafu toa nishati ya atomu 31 za fedha tupu na moja ya shaba tupu. Programu inatoa jibu kwa Rydberg, zidisha kwa 13.6 upate eV (elektronivolti), halafu zidisha kwa 96.5 upate kilojuli kwa moli. Tafadhali waache atomu wajisogeze kwanza, shaba ni ndogo na fedha iliyoizunguka lazima ijivute kidogo, ukiruka hapo nishati itatoka kubwa kupita kiasi na kila kitu mbele kitaharibika. Na mipangilio ya programu iwe ile ile kwa hesabu zote tatu.

Hatua ya tatu, nishati hiyo iite W, weka Eksel itafute x, yaani sehemu ya atomu zote ambayo ni shaba, kwenye:

ln((1−x)/x) = (W/RT)(1−2x)

R, namba ya kudumu ya gesi, ni 8.314, T kwa kelvini, W kwa juli. Jaribu W = 22,000. Nyuzi 780 za Selsiasi unapata x kama 0.14, na maabara wamepima asilimia 8.8 kwa uzito, ambayo ni hiyo hiyo 0.14 kwa atomu. Shuka hadi 500, x inakuwa 0.042, yaani asilimia 2.5 tu kwa uzito, kwa hivo kwenye 925 shaba ya karibu asilimia 5 ya uzito wote inatoka na kujikusanya vipande vidogo vidogo ndani ya fedha, ndo huo ugumu.

Sasa geuza, fedha ndani ya shaba. Fomula itakupa 0.14 tena, wakati kipimo cha kweli ni kama 0.05. W moja haitoshi pande zote mbili, kwa hivo rudia boksi na atomu 31 za shaba na moja ya fedha, halafu hamia pycalphad, kifurushi cha lugha ya Python cha kuhesabu michanganyiko ya metali, inakubali W inayobadilika kulingana na mchanganyiko.