Kuendesha Vifaa Vizito vya Haidroli kwa Trekta la Zamani

Trekta la zamani linaweza kuwa na injini yenye nguvu za kutosha, lakini haidroli yake, yaani mfumo wa kuendesha vifaa kwa oili yenye presha, iliundwa kwa kazi nyingine. Pampu yake ilikusudiwa kuinua jembe kwa sekunde chache mwishoni mwa mfuo, kisha ipumzike. Kifaa chenye mota ya haidroli, kama vile mashine ya kufyekea au keekee ya kuchimbia mashimo ya nguzo, hudai oili mfululizo kwa muda wote wa kazi.

Kwa hiyo piga hesabu kabla ya kununua. Zidisha lita za oili kwa dakika na presha katika bari, kisha gawanya kwa 600, nawe utapata kilowati. Kifaa kinachohitaji lita 60 kwa dakika katika bari 150 kinataka kilowati 15, ilhali pampu yenye lita 20 katika presha hiyohiyo hutoa kilowati 5 tu. Wengi hukimbilia kukaza vali ya usalama ili kupandisha presha, nami nawasihi wasifanye hivyo: kasi ya mota hutokana na wingi wa oili, kwa hiyo kifaa kitaendelea kuzunguka polepole huku mipira ya kupitishia oili na sili za kuzuia uvujaji zikibebeshwa mzigo usio wao.

Isitoshe, katika matrekta mengi ya zamani oili ya haidroli ndiyo hiyohiyo inayolainisha gia. Silinda kubwa zikinyooka kwa pamoja, kina cha oili hushuka hadi gia za juu zikakosa ulainisho, na uchafu unaoingia kwenye viungio vya kifaa huishia katika beringi za trekta.

Njia ninayoiamini ni kukipa kifaa pampu na tangi lake, pampu hiyo ikizungushwa na shafti ya PTO, yaani shafti ya trekta inayotoa nguvu ya injini kwa vifaa. Shafti hiyo kwa kawaida huzunguka mara 540 kwa dakika, mwendo ambao ni mdogo kwa pampu nyingi za gia, hivyo katikati huwekwa giaboksi ya kuongeza kasi. Ikizidisha mwendo mara tatu, pampu itafika mizunguko 1,620, na pampu inayosukuma sentimita za ujazo 40 kwa kila mzunguko itatoa takriban lita 65 kwa dakika. Ifunge giaboksi kwa mnyororo imara kwenye fremu ya trekta, la sivyo itazunguka yenyewe na kung'oa mipira yote. Kumbuka pia upotevu wa nguvu njiani: kilowati 15 za oili zitataka kama 18 kutoka kwenye shafti.

Mpira wa kufyonzea uwe mnene na mfupi, tangi likae juu ya pampu, na oili inayorudi iingie chini ya uso wa oili iliyomo ili isitoe povu. Pampu inayokosa oili hulia kama changarawe zinazotikiswa ndani ya kopo. Ukisikia sauti hiyo, zima papo hapo. Kama mota ina mpira mwembamba wa tatu, ule wa kutolea oili inayovuja ndani yake, upeleke moja kwa moja kwenye tangi bila kupitia vali yoyote, kwani ukizibwa, sili ya shafti ya mota hufyatuka.

Siku ya kwanza, endesha kwa mwendo wa chini bila mzigo, kisha kagua viungio. Usitafute uvujaji kwa mkono kamwe. Pitisha kipande cha kadibodi kando ya mpira, kwa maana oili inayotoka kwenye tundu dogo hupenya ngozi, na jeraha lake, hata likiwa dogo kama la sindano na lisiwe na maumivu, linataka hospitali bila kuchelewa hata saa moja. Baada ya hapo pima joto la tangi kila baada ya dakika chache; likikaribia nyuzi 80 za Selsiasi, simamisha kazi na ufunge kipoza oili kwenye njia ya kurudishia kabla ya kuendelea.