Somo: Kinyesi cha mbwa kuwa mboji, hatua kwa hatua (na maswali yenu)

Habari za wiki, wafugaji. Juzi niliweka picha ya mawaridi yangu, mkauliza nimeyalisha nini. Nilipojibu "mbwa", nusu mkacheka, nusu mkataka maelezo. Maelezo ndiyo haya, na mtanisamehe, nitakitaja kinyesi sana.

Nipo Arusha, nina mbwa watatu wa ulinzi. Mbwa mmoja hutoa wastani wa gramu 340 kwa siku. Watatu ni kilo moja kila siku, yaani kwa mwaka zaidi ya kilo 350. Zinakwenda wapi? Kwa wengi wetu zinatupwa nyuma ya uzio, halafu masika yakianza zinaelea kwenye mtaro kuelekea kwa jirani.

Mara ya kwanza niliharibu vibaya. Nilitafuta pipa la plastiki la lita 200, nikawa natumbukiza kinyesi kila asubuhi na kufunika na mfuniko wake, nikiamini kitajigeuza chenyewe. Wiki ya tatu nilipofunua, funza walikuwa wamejaa juu kama wali uliopakuliwa, na chini kuna maji meusi. Jirani yangu, mama mtu mzima, hakutaka kunigombeza. Alimtuma mjukuu wake: "Bibi anauliza, kuna kitu kimekufia huku?" Nilichokosea ni kwamba niliweka kitu chenye maji na nitrojeni nyingi, bila kaboni (vitu vikavu kama maranda na majani) na bila hewa. Mboji inapikwa. Mimi nilikuwa naozesha.

Njia ninayoitumia sasa asili yake ni kwenye baridi kali. Huko Fairbanks, Alaska, watu wanafuga mbwa wa kuvuta sleji kwenye theluji, na mtu mmoja anaweza kuwa na makumi ya mbwa. Wataalamu wa hifadhi ya udongo wa wizara ya kilimo ya Marekani walifanya majaribio na wafugaji hao, na mwaka 2005 wakatoa kijitabu. Kanuni yake ni fupi: machepe mawili ya kinyesi kwa chepe moja la vumbi la mbao. Sisi wenye mbwa wawili watatu tuna tatizo ambalo wao hawana. Nitalifikia kwenye hatua ya 4, na hiyo ndiyo hatua ya kusoma mara mbili.

Hatua ya 1: Minyoo kwanza.
Mbwa wakubwa wape dawa ya minyoo kila baada ya miezi mitatu. Kinyesi cha siku tatu nne baada ya dawa usikiweke kwenye mboji, kifukie. Cha watoto wa mbwa usikiweke kabisa, maana hao ndio wenye mayai mengi ya minyoo. Mbwa akiharisha damu, cha kwake hakiingii. Mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Hatua ya 2: Okota kila siku.
Mayai ya minyoo mviringo ya mbwa, Toxocara, yakitoka hayawezi kumdhuru mtu siku hiyo. Yanahitaji kama wiki mbili hivi ardhini, kwenye joto na unyevu, ndipo yanakuwa na uwezo wa kuambukiza, na baada ya hapo yanaweza kudumu miaka kwenye udongo. Kwa hiyo anayeokota kila asubuhi ameshafanya sehemu kubwa ya kazi hata kama hatatengeneza mboji. Uwe na chepe la kazi hii tu. Langu nimelipaka mpini rangi nyekundu, na kijana anayenisaidia anajua kwamba chepe jekundu halivuki kwenda bustani ya mboga.

Kinachookotwa kinaingia kwenye ndoo yenye mfuniko, na kila chepe linafuatwa na nusu chepe la maranda au vumbi la mbao. Ukilifunika vizuri na maranda, harufu inakata na nzi hawapati pa kutagia.

Neno kuhusu maranda. Kwa fundi seremala utayapata bure au kwa bei ya soda, lakini uliza mbao zilikuwa za nini. Mbao za kenchi nyingi zimetiwa dawa, zile zenye rangi ya kijani kijani, na dawa ile mara nyingi ina shaba, kromu na aseniki. Ukiweka hayo umetia sumu kwenye udongo wako kwa mikono yako. Chukua ya fundi wa vitanda na makabati, na uyaone kwa macho kabla hayajaingia kwenye gunia.

Hatua ya 3: Mahali.
Mita 30 au zaidi kutoka kisimani, pasipo na mteremko wa kushuka kwenye mboga. Mimi nimegongelea paleti nne kuwa boksi la mita moja kwa mita moja, chini ya mjakaranda, na bati kuukuu juu. Pembeni nimezungushia wavu wa kuku. Bila wavu, kuku wa mtaa mzima watakuja kuchakura.

Hatua ya 4: Jenga rundo siku moja.
Rundo dogo halichemki. Ili joto lipande na likae, unahitaji kama mita moja ya ujazo, na kwa mbwa watatu ukisubiri kinyesi peke yake utasubiri zaidi ya mwaka mzima. Watu wengi wanaosema "nimejaribu, haikuwa" wamekwama hapa. Wanaongeza kidogo kidogo kila siku, rundo linabaki vuguvugu, mayai ya minyoo yanaburudika.

Mimi nakusanya kwenye ndoo miezi miwili. Siku ya kujenga nachukua toroli moja ya kinyesi pamoja na maranda yake, toroli nne za samadi ya ng'ombe kutoka kwa jirani mwenye zizi, na toroli saba za majani: nyasi zilizokatwa, majani makavu ya migomba, mabua ya mahindi. Chini naweka mabua ili hewa ipite. Halafu napanga tabaka kwa tabaka, na kinyesi cha mbwa kinakaa katikati kabisa, kamwe si pembeni. Namwagia maji kwa kopo la kumwagilia. Ukikamua konzi moja (kwa glavu, tafadhali) litoe tone moja au mawili. Likitiririka, ongeza maranda. Likimeng'enyuka kama unga, ongeza maji.

Hatua ya 5: Pima joto, geuza.
Kama una kipimajoto kirefu, vizuri. Mimi nina kipande cha nondo cha mita moja. Nakichomeka hadi katikati, nakiacha robo saa, nakichomoa, nakifuta kwa majani na kushika kwa glavu nyembamba. Ukiweza kukishika hadi ukahesabu kumi bila shida, rundo bado. Siku ya tatu au ya nne kinatakiwa kikufanye uachie.

Kwa wenye kupenda namba: kanuni za Marekani za kutengeneza mboji kutokana na tope la majitaka zinataka rundo la wazi likae nyuzi 55 za Selsiasi au zaidi kwa siku 15, na katika siku hizo ligeuzwe mara tano. Kugeuza ni kwa sababu ngozi ya rundo haipati joto kamwe. Cha nje lazima kiende ndani. Nageuza kila nondo inapoanza kupoa, na baada ya mara ya tatu au ya nne halipandi tena hata nifanyeje.

Hatua ya 6: Liache.
Nalifunika na turubai na kulisahau mwaka mmoja. Wa Alaska hawangoji hivyo, lakini wao wana vipimajoto na mimi nina nondo. Sina uhakika kwamba kila kona ilipata joto, kwa hiyo nalipa kwa muda.

Hatua ya 7: Matumizi.
Mawaridi, bogainvilia, ukoka, ua wa michongoma, miti ya kivuli. Mboga hapana, hata za kupikwa. Karoti, kitunguu, mchicha, nyanya, hapana. Sijui niandike mara ngapi ieleweke.

MASWALI YENU

Swali (Morogoro): Mwalimu, shikamoo. Samadi ya ng'ombe nayo ni mavi, na mchicha wote tunaokula umelimiwa nayo. Hii ya mbwa ina nini cha ajabu?

Marahaba. Ng'ombe anakula nyasi, mbwa anakula nyama, na baadhi ya minyoo ya mbwa inamuingia binadamu. Yai la Toxocara mtoto akilimeza, kiluwiluwi kinazunguka mwilini na kinaweza kufika kwenye jicho. Minyoo ya safura ya mbwa inapenya kwenye ngozi ya anayepita peku, ndiyo ile mistari inayopinda pinda na kuwasha mguuni.

Mbaya zaidi ni tegu mdogo anayeitwa Echinococcus. Mbwa anampata kwa kula mapafu au maini mabichi ya mbuzi na kondoo wenye malengelenge, na mtu anampata kwa kumeza mayai yaliyotoka na kinyesi cha mbwa. Yai hili halisubiri wiki mbili kama lile la Toxocara, linaambukiza tangu linapotoka. Ndani ya mtu linajenga uvimbe wa maji kwenye ini au mapafu, unaokua miaka. Turkana, kaskazini mwa Kenya, ni kati ya sehemu zilizoathirika zaidi duniani, na shirika la afya la AMREF lilianza kampeni ya kuudhibiti ugonjwa huu huko mwaka 1983. Kwa hiyo ukichinja Iddi au Krismasi, usimtupie mbwa matumbo mabichi. Chemsha. Na mwambie daktari wa mifugo dawa iwe na prazikwanteli, kwa sababu dawa nyingi za bei rahisi za minyoo hazimgusi tegu huyu.

Swali (Dar, Mbagala): Nimepanga chumba na sebule, mbwa ni mmoja, hayo matoroli nitayaweka wapi?

Usitengeneze mboji, ndugu yangu. Kama nyumba ina choo cha shimo, kitumbukize humo bila mfuko wa plastiki. Kama kuna kipande cha ardhi na mwenye nyumba ameridhia, chimba shimo la nusu mita, toboa kitako cha ndoo kuukuu uizamishe, uwe unaweka kinyesi na konzi la maranda na kufunika. Ikijaa, fukia, hamia pembeni. Ila kama mnakaa bondeni, ambako ukichimba kidogo maji yanatoka, usichimbe.

Swali (Tanga): Assalaam alaykum. Nina mbwa wa kulinda shamba. Mboji hii nikiiweka kwenye maua ya mbele ya nyumba, ina najisi?

Waalaykum salaam. Hapo muulize shehe wako, mimi si wa kutoa fatwa. Kwa upande wangu naweza kukushauri tu kwamba chepe, ndoo na glavu zikae huko huko shambani, na mboji iishie kwenye miti ya mpakani ambako hakuna anayepita kwenda kuswali.

Swali (Nairobi): Si ni rahisi kuchoma tu?

Jaribu uone. Ni mbichi, haiwaki, inatoa moshi, na mtaa mzima utakujua kwa jina.

Swali (Mwanza): Je, kichaa cha mbwa hakipiti humo?

Hapana, kichaa hakiambukizwi kwa kinyesi. Kinapita kwenye mate, hasa kwa kung'atwa. Lakini chanjo ya kila mwaka iko pale pale.

Swali (Moshi): Na mchanga wa paka? Nina wawili, na niko na mimba ya miezi minne.

Dada, wewe usiuguse kabisa. Paka anaweza kutoa vimelea vya toksoplasma, na hivyo ni hatari kwa mtoto aliye tumboni. Mwingine ndani ya nyumba autoe kila siku, kwa sababu vimelea hivyo huchukua siku moja hadi tano kukomaa. Uende kufukiwa, si kwenye mboji.

Swali (Arusha): Jirani, mimi ndiye yule mjukuu. Bibi anasema mawaridi ameyaona, anataka toroli moja.

Mwambie shikamoo yake, na aniambie kwanza ni ya maua au ya ile sukumawiki yake. Nikiona ni maua, Jumamosi naleta mwenyewe.