Jinsi ya kufuatilia pensheni na fidia ya ulemavu ya mwanajeshi mstaafu ukiwa Mbeya, Iringa au Njombe

Mwongozo huu ni wa mwanajeshi mstaafu wa JWTZ anayeishi Nyanda za Juu Kusini, na hasa wa mtoto wake, kwa kuwa mara nyingi ndiye anayebeba bahasha. Mimi ni msaidizi wa kisheria, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kukaa na wazee hawa pamoja na karatasi zao. Nianze na jambo ambalo mengine yote yanalitegemea: madai haya hufaulu au kukwama kabla mtu hajapanda basi la Dodoma. Mzee wa miaka sabini na kitu hapaswi kusafirishwa kutwa nzima kupitia Mtera ili akaambiwe dirishani kwamba jina lake limepungua herufi moja. Jalada likamilike nyumbani kwanza.

Hatua ya 1: Jua unachodai na anayekilipa

Watu husema "mafao ya mzee" kana kwamba ni kitu kimoja, kumbe ni madai mawili au matatu tofauti, na kila moja lina mlango wake.

Pensheni ya mwanajeshi hailipwi na mifuko ya hifadhi ya jamii, si NSSF wala PSSSF. PSSSF ilianza kazi Agosti 2018 baada ya kuunganishwa kwa PSPF, LAPF, GEPF na PPF, nayo ni ya watumishi wa umma wanaochangia. Mwanajeshi hulipwa na Hazina, yaani Wizara ya Fedha, kwa kumbukumbu zinazotoka Makao Makuu ya Jeshi. Kwa hiyo kama kiinua mgongo au pensheni ya mwezi haikutoka au imekatika, wahusika ni hao wawili: Jeshi kwa kumbukumbu za utumishi, Hazina kwa malipo. Kama mzee aliajiriwa kwingine baada ya kutoka jeshini na akachangia mfuko, hayo ni mafao mengine. Yafuatilie peke yake, usiyachanganye kwenye barua moja.

Fidia ya ulemavu huanzia Jeshini. Hazina haiwezi kuamua kama goti la mzee liliharibikia kwenye mafunzo au shambani kwake Kilolo. Jeshi na madaktari wake ndio wanaosema kama jeraha lilitokana na utumishi na limempunguzia uwezo kwa asilimia ngapi. Kwa vijana waliorudi na majeraha kutoka Darfur au Kongo, malipo ya Umoja wa Mataifa nayo hupitia Serikalini, askari haandiki mwenyewe kwenda New York.

Kisha uliza aliingiaje. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilipiganwa na askari wa kudumu wa JWTZ, na pia mgambo, vijana wa JKT, polisi na magereza. Mgambo aliyerudi kijijini baada ya vita hana utumishi sawa na wa askari aliyestaafu kwa umri, na nimeona familia zikisubiri pensheni ya aina isiyowahusu kwa miaka mingi. Inaumiza kulisema hilo mbele ya mzee mwenye kovu la risasi, lakini ni heri alijue mapema. Madai yake yajengwe juu ya jeraha lenyewe na yaanzie kwa Mshauri wa Mgambo, ambaye namfikia hivi punde.

Hatua ya 2: Ipate namba ya jeshi

Bila namba ya jeshi hakuna anayeweza kulitafuta jalada. Ya askari huanza na herufi MT na ya afisa huanza na P. Itafute kwenye hati ya kumaliza utumishi, kitambulisho cha zamani, barua ya kupandishwa cheo, hata nyuma ya picha ya kikosi. Mwulize mzee akiwa ametulia, asubuhi. Wengi wao wamesahau siku waliyooa lakini namba hiyo wanaitaja bila kusita.

Kama karatasi zimeliwa na mchwa au nyumba iliungua, chukua taarifa ya upotevu kituo cha polisi na barua ya utambulisho kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, kisha nenda ofisi ya Mkuu wa Wilaya umwulizie Mshauri wa Mgambo. Huyu ni afisa wa JWTZ aliyepo wilayani, iwe Rungwe, Mufindi au Makete, na anajua barua inavyopita kwenda Makao Makuu. Watu humfikiria kwa habari za mafunzo ya mgambo tu, ndiyo maana namtaja kwa msisitizo. Usimwombe malipo, hana fungu hilo. Mwombe akupitishie barua.

Hatua ya 3: Majina na tarehe

Hapa ndipo madai mengi ya huku kwetu yanapokwama, kwa hiyo tumia muda.

Chukua karatasi moja, uipigie mistari. Kila hati iwe na mstari wake: hati ya jeshi, kitambulisho cha NIDA, kadi ya benki, cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa, kadi ya hospitali. Andika jina kama lilivyoandikwa, herufi kwa herufi, kisha tarehe ya kuzaliwa. Usisahihishe kitu unapoandika. Ukimaliza, tofauti zitajionyesha zenyewe.

Mfano wa kawaida Rungwe na Kyela: jeshini aliandikishwa Ambakisye, NIDA wakaandika Ambakisya, na benki anaitwa Amosi kwa sababu siku hiyo alikwenda na cheti cha ubatizo. Kwa jirani ni mtu mmoja, kwa mfumo wa malipo ni watatu.

Tarehe nayo iangalie kwenye namba ya NIDA yenyewe. Namba hiyo ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Namba inayoanza na 19560701 inasema mtu alizaliwa tarehe 1 Julai 1956. Kama hati ya jeshi inasema 1953, mkaguzi ataiona tofauti hiyo kabla hajafungua ukurasa wa pili. Wazee wengi walikadiriwa umri wakati wa kuandikishwa, wakakadiriwa upya wakati wa NIDA, na makadirio hayo mawili hayajawahi kukutana.

Tofauti ya herufi moja au mbili hutibiwa kwa hati ya kiapo mbele ya wakili au hakimu, ikisema kwamba majina haya yote ni ya mtu mmoja, na kuyataja yote. Jina likiwa jingine kabisa, kiapo peke yake mara nyingi hakitoshi, fuata hati ya kubadili jina na uisajili. Kwa tarehe, ushauri wangu ni huu: usikimbilie kubadili kumbukumbu za jeshi. Hizo ndizo zilizotumika kuhesabu utumishi wake, na kuzigusa kunaweza kufungua maswali mapya. Rekebisha NIDA au benki zifuate hati ya jeshi, kama hati hiyo ndiyo sahihi.

Hatua ya 4: Unganisha jeraha na utumishi

Ulemavu kuonekana hakutoshi. Jalada linatakiwa lijibu mambo matatu: aliumia akiwa kazini, alitibiwa au aliripoti, na hali aliyonayo leo imetokana na tukio hilo. Familia nyingi huleta la tatu peke yake: picha za eksirei za mwaka huu na maelezo marefu ya mateso.

Kwa la kwanza na la pili, tafuta kadi za hospitali ya jeshi, barua ya kupewa ED (kupumzishwa kazi kwa sababu ya ugonjwa) au kubadilishiwa kazi, ripoti ya ajali, PF3 kama ilikuwa ajali ya gari. Vikikosekana kabisa, watafute wenzake. Wastaafu wanajuana, mmoja Mbalizi anajua nani yuko hai Mafinga. Lakini maelezo ya shahidi yawe na mwili. "Namfahamu mzee huyu, alipigana vita na akaumia" hayamsaidii mtu. Linganisha na haya: "Machi 1979 tukiwa karibu na Lukaya, kombora lilianguka nyuma yetu. Nilimwona akitokwa damu sikio la kushoto. Mimi na mwenzetu mmoja tulimpeleka kwa mganga wa kikosi. Tangu siku hiyo alikuwa akigeuza kichwa ili asikie kwa sikio la kulia." Shahidi aandike na namba yake ya jeshi, atie saini, na aape mbele ya hakimu au wakili. Asiandike asichokiona.

Kwa la tatu, nenda kwa daktari ukiwa umejiandaa. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya au ya Rufaa ya Mkoa Iringa wanaweza kuandika ripoti, na hospitali ya jeshi iliyopo Mbeya ni nzuri zaidi kama mzee anapokelewa huko. Mwombe daktari aandike ulemavu ni upi, unamzuia kufanya nini, na kama unaendana na tukio lililoelezwa. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo inayobeba jalada. Kiwango cha asilimia waachie madaktari wa bodi, yaani jopo la madaktari litakalompima mzee kwa ajili ya fidia.

Mzee naye aandaliwe kusema kweli yote. Wanajeshi wa zamani wana tabia ya kusimama wima mbele ya daktari na kujibu "niko salama". Mama anayeishi naye ndiye anayejua kwamba haamki bila kushikwa mkono, kwamba hushtuka usiku na kupiga kelele, kwamba redio huifungulia sauti hadi jirani. Aingie naye. Na hili la baridi: goti lililotulia mchana wa joto Dodoma silo goti la alfajiri ya Julai kule Makete au Njombe. Kama maumivu humzidi msimu wa baridi, aseme hivyo na liandikwe, vinginevyo atapimwa siku yake nzuri.

Hatua ya 5: Andika barua fupi

Ukurasa mmoja unatosha. Mimi hutumia umbo hili:

Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi,
Makao Makuu ya Jeshi,
DODOMA.

K.K. Mshauri wa Mgambo wa Wilaya ya ______

YAH: MAOMBI YA FIDIA YA ULEMAVU ULIOTOKANA NA UTUMISHI – NA. MT ______, CHEO ______, JINA ______

Husika na somo tajwa hapo juu. Nilijiunga na JWTZ tarehe ______ na kumaliza utumishi tarehe ______ nikiwa kikosi cha ______. Tarehe ______, nikiwa kazini mahali ______, niliumia ______. Nilitibiwa ______. Hadi leo siwezi ______.

Naomba nifanyiwe uchunguzi na bodi ya madaktari na nipatiwe haki zangu. Naambatanisha: (orodha, kila hati na namba yake).

Kama shida ni pensheni iliyokatika, barua iende kwa Katibu Mkuu, Wizara ya Fedha, ikiwa na namba ya pensheni, akaunti ya benki na mwezi ambao malipo yalisimama. Kabla ya kuituma ulizia benki kama akaunti imelala. Wakati mwingine shida yote iko hapo.

Hatua ya 6: Wasilisha na ubaki na ushahidi

Peleka nakala zilizothibitishwa, hati halisi zibaki nyumbani. Toa nakala mbili za jalada zima. Ukikabidhi kwa mkono, yako igongwe muhuri wa mapokezi wenye tarehe. Ukituma kwa posta, tumia huduma ya EMS na utunze risiti. Barua ikisajiliwa masijala omba namba ya kumbukumbu, na kuanzia hapo ufuatiliaji wote uwe kwa namba hiyo. Kwa mambo ya Hazina pitia kwanza ofisi ya Hazina Ndogo ya mkoa wako, usiruke kwenda Dodoma.

Mstaafu akifariki, toa taarifa Hazina na benki mara moja. Pensheni inayoendelea kuingia baada ya kifo itadaiwa irudishwe, na anayebanwa ni mjane aliyeitoa kwa nia njema kununua sanda na unga. Chukua cheti cha kifo RITA kupitia ofisi ya Mkuu wa Wilaya, itisha kikao cha ukoo, mfungue mirathi Mahakama ya Mwanzo. Mjane aliyefunga ndoa ya kimila awe na uthibitisho wa ndoa hiyo mapema, si siku ya ugomvi.

Hatua ya 7: Linda jalada na kadi

Vishoka wapo, na huwa wanajua mzee ana madai. Anayekupigia akisema yuko Hazina na anataka "fedha ya kufungulia malipo" ni tapeli, hata akitaja namba ya jeshi kwa usahihi. Kuomba haki hii hakulipiwi, gharama zako ni za nakala, kiapo, hospitali na nauli. Mzee asiye na uwezo anaweza kupata msaada wa kisheria bure chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Ulizia kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata akuelekeze kwa msaidizi aliyesajiliwa.

Jingine linanikera zaidi: wakopeshaji wa kausha damu wanaoshika kadi ya benki ya mstaafu pamoja na namba ya siri, wakachukua pensheni kila mwezi na kumwachia nauli. Kadi haishikwi rehani. Kama imeshashikwa, nenda benki na mzee mwenyewe, kadi ifungwe, itolewe nyingine. Deni halali atalilipa kwa makubaliano ya maandishi.

Yakikataliwa

Omba sababu kwa maandishi. "Wamekataa" ya mdomo haina pa kukatia rufaa. Sababu ikiwa ni upungufu wa hati, rudi hatua ya 3 au ya 4 uwasilishe upya kwa namba ileile ya kumbukumbu. Ikiwa ni kimya cha muda mrefu bila jibu, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora hupokea malalamiko ya namna hii bila malipo.

Malipo yakishaanza, Wizara ya Fedha hufanya uhakiki wa wastaafu kila inapotangaza, na asiyehakikiwa pensheni yake inaweza kusimamishwa. Weka pamoja barua ya tuzo la kustaafu, kitambulisho cha pensheni, cha NIDA na taarifa za benki. Kama mzee yuko kitandani, mtendaji na Hazina Ndogo wajulishwe mara tu tangazo linapotoka, ili utaratibu wa kumfuata nyumbani upangwe kabla zoezi halijafungwa.