Kupiga hesabu ya uga wa umeme kwenye tufe kwa FEMM, bila kuua laptopu

Kwa watu wa injinia na fizikia hapa Kisumu, Maseno na Kakamega ambao laptopu ni ya mtumba na ramu ni giga 4, kwanza achaneni na 3D. Nusu chapati ukiizungusha kwa ule upande ulionyooka unapata tufe zima, basi chora hiyo nusu peke yake. FEMM ni programu ya bure ya kupiga hesabu za uga na haimalizi bando, fungua tatizo la elektrostatiki alafu chagua aksisimetriki (umbo la kuzungushwa kwenye mhimili), hapo r, yaani umbali toka mhimili, inaenda kulia na z inaenda juu, upande wa r hasi usiguse.

Chora boksi, r toka 0 hadi sm 10, z toka -10 hadi 10, katikati weka nusuduara ya rediasi sm 1. Mbona boksi kubwa hivyo? Tufe ndani ya uga linageuka kama dipoli (chaji chanya upande mmoja, hasi upande wa pili), na uga wa dipoli unapungua kwa kipeo cha tatu cha umbali, so ukifika ukutani imebaki kama 1 kwa 1000. Ukuta ukiwa sm 2 majibu yatakudanganya hata ujaze meshi (wavu wa pembetatu unaogawa mchoro) vipi.

Juu weka volti 100, chini 0, pembeni na kwenye mhimili wa z usiweke kitu. Uga wako (E) ni 500 V/m. Pamitiviti (namba ya jinsi kitu kinavyopunguza uga ndani yake) ya tufe weka 4, ya nje 1. Sasa tao la ile nusuduara: FEMM inalikata vipande vilivyonyooka, weka digrii 1 kwa kila kipande, maana wengi wanajaza pembetatu ndani na tao bado lina kona kona, na kwenye kona uga unaruka ovyo. Sevu kabla stima haijapotea.

Jibu la mkono ni 3E/(4+2), yaani 250 V/m, na ni ile ile kila mahali ndani ya tufe. Soma kwa z ya sm 0, 0.5 na 0.9, zikitofautiana sana meshi ni mbaya. Nje tu ya ncha ya juu inafaa ikaribie 1000.

Ukitaka mawimbi, FEMM haikufai, nenda Gmsh (ya kutengeneza meshi) na FEniCS (ya kupiga hesabu), tumia elementi za kingo za Nédélec (1980), zinazoshika uga kwenye kingo za vipande vya meshi, la sivyo utapata majibu hewa ya uongo, na ulinganishe na fomula za Mie za 1908, ambazo ni jibu la mkono la wimbi likigonga tufe. Weka vipande 10 vya meshi kwa kila urefu wa wimbi, lakini pima kwa wimbi la ndani ya tufe: kwa 300 MHz hewani ni mita 1, kwenye maji ni kama sm 11 tu.