Somo: Kuonyesha Umiliki wa Nomino katika Kiingereza

Mzungumzaji wa Kiswahili anayejifunza Kiingereza hukwama mapema kwenye umiliki, kwa sababu sisi hutanguliza mali na kumalizia na mwenye mali, tukasema "kitabu cha Asha", ilhali Mwingereza humtanguliza mwenye mali: "Asha's book". Afueni ni kwamba hapa hakuna upatanisho wa ngeli. Badala ya cha, ya, la na wa, Kiingereza kina herufi "s" na ritifaa, alama ile ile tunayoiandika katika "ng'ombe", ingawa kwetu huonyesha matamshi tu.

Hatua ya kwanza ni kumtambua mwenye mali na kujiuliza kama ni mmoja au ni wengi. Andika nomino yake kamili, pamoja na wingi wake kama upo, ndipo ufikirie ritifaa. Makosa mengi ninayosahihisha hutokana na kuiruka hatua hii: mwanafunzi huhangaika na alama kabla hajajua anaiweka kwenye neno gani.

Hatua ya pili: nomino hiyo ikiwa haina "s" ya wingi mwishoni, ongeza ritifaa kisha "s". Ndiyo maana tunaandika "the teacher's office" kwa ofisi ya mwalimu mmoja, na vilevile "the children's shoes", kwa kuwa "children" ni wingi usioishia kwa "s".

Hatua ya tatu: wingi unaoishia kwa "s" huongezewa ritifaa peke yake, kama katika "the teachers' office", yaani ofisi ya walimu. Sikio halitakusaidia, kwa sababu "teachers", "teacher's" na "teachers'" hutamkwa sawasawa. Ni maandishi tu yanayomjulisha msomaji kama ofisi ni ya mmoja au ya wengi.

Hatua ya nne inahusu vitu visivyo na uhai, ambavyo mara nyingi hutumia "of" kwa mpangilio unaofanana na wetu: "the leg of the table". Hata hivyo, maneno ya wakati hufuata kanuni ya ritifaa: "today's newspaper", na "two weeks' leave" kwa likizo ya wiki mbili.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, jina likiishia kwa "s", kama James, tuandikeje?

Jibu: "James's book" na "James' book" zote zinakubalika, ila mimi hupendelea ya kwanza kwa kuwa inafuata matamshi ya wengi. Waingereza wenyewe hawajaafikiana: bustani iliyoko London huandikwa St James's Park, na uwanja wa mpira wa Newcastle huandikwa St James' Park. Chagua namna moja, usichanganye katika insha moja.

Swali: Na nyumba ikiwa ya Asha na Juma?

Jibu: Wakiimiliki pamoja, ni "Asha and Juma's house". Kila mmoja akiwa na yake, ni "Asha's and Juma's houses".

Swali: Mbona "its" haina ritifaa, na yenyewe ni ya umiliki?

Jibu: Kwa sababu si nomino, iko kundi moja na "his" na "her", ambazo pia hazina. "It's" ni kifupi cha "it is" au "it has". Ukiwa na shaka, lirefushe neno: katika "The cat licked its tail" huwezi kuweka "it is", basi ritifaa haina nafasi.

Swali: Nikiandika "the book of Asha" nimekosea?

Jibu: Utaeleweka, lakini msomaji ataona kwamba umetafsiri, kwa watu tumia ritifaa. Angalia tu jambo moja ambalo Kiswahili hakilitenganishi. "Picha ya Asha" yaweza kuwa picha inayomwonyesha au picha anayoimiliki. Kwa Kiingereza, ya kwanza ni "a picture of Asha", na ya pili ni "a picture of Asha's".