Kumwombea mume, mke au mtoto ukiwa na grinikadi: hatua kwa hatua

Wengi wanaokaa mbele ya meza yangu wana grinikadi, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu Marekani, wanataka kuwaleta jamaa zao, na wameshajaza fomu tayari. Fomu yenyewe haina ugumu. Aliyemaliza kidato cha nne anaijaza jioni moja. Kinachoziangusha familia ni tarehe: ndoa ilifungwa lini, mtoto anatimiza miaka 21 lini, baba anakula kiapo cha uraia lini. Mimi ni mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria ya Marekani, nikifanya kazi kwenye shirika dogo lisilo la faida. Wateja wangu ni Wakongo waliopitia kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Kakuma, Wakenya na Watanzania walioshinda bahati nasibu ya viza, na wachache waliozunguka Ghuba kwanza. Haya ndiyo ninayowaambia siku ya kwanza, kabla kompyuta haijawashwa.

Hatua ya 1: Jua kama unayemtaka yumo

Mwenye grinikadi anaruhusiwa kuwaombea mume au mke, watoto wasio na ndoa walio chini ya miaka 21, na watoto wasio na ndoa waliovuka umri huo. Hawa wa mwanzo wako kundi la F2A, wa mwisho kundi la F2B. Basi. Baba, mama, ndugu na mtoto aliyeoa au kuolewa wanasubiri wewe uwe raia.

Hapa ndipo machozi ya kwanza yanapotoka, kwa sababu kwetu mtoto ni mtoto. Yule wa marehemu dada yako uliyemlea tangu ananyonya, anayekuita mama, sheria haimtambui bila uasili wa mahakamani uliokamilika kabla hajatimiza miaka 16, tena awe amekaa nawe na chini ya malezi yako kisheria kwa miaka miwili. Usimwandike kama uliyemzaa. Ubalozi ukiwa na shaka unapendekeza kipimo cha vinasaba, na jibu likija tofauti, faili la familia nzima limeingia doa. Mtoto wa kambo ana nafuu: yumo, mradi ndoa yenu ilifungwa kabla hajatimiza miaka 18.

Mke wa pili naye hayumo. Ndoa inaweza kuwa halali Tanga, Mombasa au Muscat, lakini uhamiaji wa Marekani unaihesabu ile ya kwanza tu maadamu haijavunjika.

Hatua ya 2: Uliza kama kweli unahitaji I-130, fomu ya kuombea familia

Nimeona watu wanalipa na kusubiri miaka kwenye foleni ambayo hawakupaswa kuikanyaga. Kama uliingia Marekani kama mkimbizi na ulikuwa umeshaoa kabla ya kuingia, fomu yako ni I-730. Haina ada, haina foleni ya viza, ila una miaka 2 tu tangu siku uliyoingia. Mteja wangu mmoja, mwanamume wa Uvira, aliambiwa na kishoka wa mtaani asubiri kwanza apate grinikadi "ndipo maombi yawe na nguvu". Alipofika kwangu ilikuwa imepita miaka 2 na miezi 5.

Walioshinda bahati nasibu wana dirisha jembamba zaidi: mume, mke na watoto wanaweza kukufuata kwa ushindi uleule, lakini lazima wawe na viza kufikia tarehe 30 Septemba ya mwaka wa fedha wa ushindi wako. Ikipita, mnarudi kwenye I-130. Na kama ulijaza bahati nasibu ukaficha mke au mtoto, usitume kitu chochote kabla ya kuonana na wakili wa uhamiaji. Kumwombea leo mtoto aliyezaliwa kabla hujajaza fomu ile ni sawa na kuwaonyesha mwenyewe ulichoficha.

Hatua ya 3: Tengeneza ndoa kwenye karatasi

Kwa Tanzania Bara, cheti cha ndoa kiwe kimesajiliwa RITA, wakala wa usajili wa serikali. Cha msikitini au kanisani peke yake kitakurudisha. Kwa Kenya, Sheria ya Ndoa ya 2014 inazitambua ndoa za kimila na za Kiislamu, lakini nazo zinataka usajili. Kama mmoja wenu aliwahi kuwa na ndoa, talaka iwe na karatasi. Talaka ya mdomo iliyosikiwa na mashahidi wawili barazani haitoshi. Nenda kwa kadhi au mahakamani upate hati.

Sasa lile linaloumiza watu wa pwani: ndoa ya wakili. Bwana harusi yuko Ohio, kaka yake anapokea nikaha kwa niaba yake Zanzibar, picha zinatumwa, pilau linaliwa. Kwa dini ndoa imepita. Kwa sheria ya uhamiaji ya Marekani, ndoa ambayo wawili hawakuwa pamoja mbele ya mfungishaji haihesabiki mpaka wakutane kimwili baada ya nikaha hiyo. Kujuana kabla hakusaidii. Kwa hiyo funga safari, kaeni kama mume na mke, tunza tiketi, mhuri wa pasipoti na risiti za nyumba mliyofikia, ndipo utume ombi.

Kisha majina. Fatuma kwenye cheti cha kuzaliwa, Fatma kwenye pasipoti, Fatima kwenye cheti cha ndoa. Afisa haoni mtu mmoja hapo, anaona watu watatu. Sahihisha kinachosahihishika na kingine kifunge kwa hati ya kiapo. Cheti cha kuzaliwa kilichokatwa mwaka jana kwa mtu wa miaka 30 kisindikize na cheti cha ubatizo, kadi ya kliniki au rekodi ya shule ya msingi. Kila kilichoandikwa kwa Kiswahili au Kifaransa kiwe na tafsiri ya Kiingereza, na mfasiri aandike na kusaini kwamba anazijua lugha zote mbili na tafsiri ni kamili. Muhuri wa mthibitishaji hauhitajiki, ingawa wapo wanaoutoza.

Hatua ya 4: Tuma I-130, na uiwahi foleni

Fomu ni I-130, na kwa mume au mke huongezwa I-130A. Inatumwa USCIS, idara ya uraia na uhamiaji. Tangu Aprili 2024 ada ni dola 625 mtandaoni na 675 kwa karatasi. Angalia tena kwenye tovuti yao siku unayolipa. Hundi za karatasi hawapokei tena tangu mwisho wa Oktoba 2025. Ambatisha nakala ya grinikadi yako pande zote mbili, vyeti, picha za pasipoti na ushahidi kwamba ndoa ni ya kweli: miamala ya kutumiana fedha, safari, picha za miaka tofauti, hata mazungumzo ya simu. Picha 60 za harusi moja ni ushahidi wa siku moja.

Siku ombi linapopokelewa unapata tarehe ya kipaumbele. Hiyo ndiyo namba yako ya foleni, na ndiyo sababu ninawasukuma watu watume mapema hata kama bado hawajapata fedha za viza.

Sheria inalitengea kundi la F2 viza 114,200 kwa mwaka, asilimia 77 zikienda F2A. Kila mwezi Wizara ya Mambo ya Nje inachapisha Visa Bulletin, taarifa ya foleni za viza. Tafuta mstari wa F2A au F2B, na kama unayemwombea amezaliwa Afrika Mashariki au Kongo soma safu ya kwanza, ya nchi zote. Jedwali lina tarehe. Tarehe yako ya kipaumbele ikiwa kabla ya hiyo, zamu yako imefika. Herufi C maana yake hakuna foleni. F2A ilikuwa C kuanzia Julai 2019 hadi Machi 2023, kisha ikarudi nyuma Aprili, na waliokuwa wakisema "nitatuma mwakani" wakajikuta wanasubiri miaka. Tarehe hizi huenda mbele, husimama, na wakati mwingine hurudi. Usiuze kiwanja kwa kuzitegemea.

Hatua ya 5: Linda kesi wakati wa kusubiri

Hapa sifichi msimamo wangu: kipindi hiki ndicho kesi inapofia, kwa sababu watu wanaendelea na maisha.

*Mtoto anaoa.* Ombi la mwenye grinikadi kwa mtoto asiye na ndoa hufutika lenyewe siku mtoto anapofunga ndoa. Akiachana baadaye, halifufuki. Mama mmoja alisubiri F2B miaka mingi, binti akaolewa miezi michache kabla ya zamu kwa kuwa wazee walisema mchumba asije akachoka. Hakuna rufaa niliyoweza kuandika.

*Mtoto anafika 21.* Sheria ya 2002 ya kulinda umri inakuruhusu kupunguza siku ambazo ombi lilikaa mezani kwa USCIS. Tuseme viza imepatikana mtoto akiwa na miaka 21 na miezi 4, na ombi lilichukua miezi 14 kuidhinishwa. Umri wake kisheria ni miaka 20 na miezi 2. Bado yuko F2A. Lakini lazima achukue hatua ya kuomba viza ndani ya mwaka mmoja. Angalia kinyume chake: ombi lililoidhinishwa haraka humpunguzia siku chache.

*Wewe unakuwa raia.* Kwa mume au mke ni habari njema, anatoka kwenye foleni kabisa. Mtoto aliye chini ya 21 siku ya kiapo naye anatoka, na umri wake unagandishwa pale. Ila kuna shimo: watoto waliokuwa wameambatanishwa kwenye ombi la mama yao hawana tena pa kushika, kwa kuwa ndugu wa karibu wa raia hawabebi wategemezi. Kila mtoto anahitaji I-130 yake. Mimi huwaambia watu watume ya kila mtoto tangu mwanzo, wenye uwezo.

*Wewe unakaa nje muda mrefu.* Ukikaa nyumbani mwaka mzima bila kibali cha kurudi, unahatarisha grinikadi yako, na ombi lote limeegemea hapo. Ukihama anwani, wajulishe ndani ya siku 10.

Kwa aliye tayari ndani ya Marekani: ombi lililotumwa halimpi ruhusa ya kukaa wala kufanya kazi. Watu wa F2A kwa kawaida wanatakiwa wawe na hadhi halali mfululizo ili wamalizie humuhumu kwa I-485, fomu ya kuomba grinikadi bila kutoka nje. Aliyepitisha siku 180 bila hadhi akatoka nje, anafungiwa miaka 3. Aliyepitisha mwaka, miaka 10. Huyo asipande ndege kabla ya kumwona wakili.

Hatua ya 6: Kituo cha viza na mdhamini

Ombi likiidhinishwa linahamia kituo cha taifa cha viza, NVC, huko New Hampshire. Unalipa dola 325 za viza kwa kila mtu na 120 za udhamini, mwombewa anajaza DS-260, fomu ya viza, mtandaoni, nawe unajaza I-864, fomu ya udhamini. Kipato chako kifikie asilimia 125 ya mstari wa umaskini. Kwa viwango vya 2025 kaya ya watu wawili ilitakiwa dola 26,437 kwa mwaka, na ya wanne 40,187. Hesabu wote unaowatunza kwenye kodi, si anayekuja peke yake. Ukipungukiwa, raia au mwenye grinikadi mwingine anaweza kudhamini pamoja nawe, lakini wewe unasaini yako vilevile. Mwambie mdhamini ukweli: mkataba huu hauvunjwi na talaka yenu.

Cheti cha polisi kinatakiwa pia kutoka nchi nyingine yoyote mwombewa aliyoishi miezi 12 au zaidi akiwa na umri wa miaka 16 au zaidi. Dada aliyefanya kazi Oman au Saudia miaka 2 anakihitaji cha huko. Kama bado yuko huko, akichukue kabla hajaondoka.

Hatua ya 7: Kabla ya kulipia vipimo, soma matangazo

Juni 2025 Rais Trump alitia saini tangazo la kuzuia wahamiaji wa baadhi ya nchi. Somalia iliwekwa kwenye zuio kamili na Burundi kwenye zuio la sehemu. Desemba 2025 orodha ilipanuliwa, Tanzania ikaingia kwenye zuio la sehemu. Mambo haya hubadilika kwa saini moja, kwa hiyo fungua ukurasa wa ubalozi wiki ileile unayotaka kulipia daktari. Nafasi kwenye foleni huwekwa na siku ombi lilipopokelewa, na zuio la viza haliibadilishi tarehe hiyo.

Vipimo hufanywa na daktari aliyeteuliwa na ubalozi pekee: kifua kikuu, kaswende, chanjo. Kwenye usaili peleka nyaraka halisi. Maswali ni ya kawaida: mlikutana wapi, anafanya kazi gani, nani alihudhuria harusi. Kama hujui jibu, sema hujui. Wanaokariri ndio wanaopishana.

Hatua ya 8: Kuingia

Lipa dola 235 za USCIS kwa ajili ya kadi, na safiri kabla viza haijaisha. Muda wake kwa kawaida hauzidi miezi 6 na huweza kukatwa na tarehe ya vipimo. Kama siku ya kuingia ndoa yenu haijatimiza miaka 2, kadi itakuwa ya miaka 2 tu, na mtajaza pamoja I-751, fomu ya kuondoa sharti hilo, ndani ya siku 90 kabla haijaisha.

Na kijana wa F2B ambaye viza iko mkononi na mchumba yuko mlangoni: uchumba ruksa, harusi bado. Viza ile ni ya mtu asiye na ndoa, na inahesabiwa pale afisa wa uwanja wa ndege anapogonga mhuri. Nimewahi kumpigia mzazi saa nane usiku kumwomba aahirishe nikaha ya Jumapili kwa sababu ndege ilikuwa Jumanne.