Jinsi ya kuandaa sherehe ya kuwashukuru wanaroki wa Nairobi, na wale wanaobeba ampu

Sherehe ya kwanza niliyosaidia kuandaa tuliita bendi sita, tukanunua vikombe vya plastiki vya rangi ya dhahabu River Road, tukapanga hotuba. Ikafika saa tano usiku tumemaliza, kila bendi ina kikombe, picha zimepigwa, na mimi niko pale mlangoni naona yule jamaa wa saundi anafunga nyaya zake kwa boda, peke yake, hakuna hata mtu amemwambia asante. Jamaa ambaye kila bendi iliyopanda jukwaani siku hiyo imewahi kupiga kwa spika zake kwa deni. Sikulala vizuri. Tangu hiyo siku nimesaidia nyingine kadhaa, zingine zikaenda vizuri zingine zikawa aibu, sasa wacha nieleze vile hii kitu inafanywa.

Usianze na ukumbi. Watu wote huanza na ukumbi. Anza na daftari. Andika majina ya watu, na usiandike bendi kwanza, andika nani alifanya nini. Nani alikuwa anatoa sebule ya mamake mkafanyia mazoezi. Nani alikuwa anapiga picha za bure wakati hakuna gazeti lilikuwa linajua kuna watu wanapiga metali, ile roki nzito, hapa kwetu. Nani alibeba ampu ya besi, lile sanduku zito la kukuza sauti ya gita, kwa matatu ya Rongai akalipia kiti chake. Nani alikuwa anapiga simu X FM, ile redio ya roki, kila jioni kuomba wimbo wa bendi ya hapa, mpaka watangazaji wakajua sauti yake. Hao ndio sherehe. Wanamuziki bila shaka wako, lakini mwanamuziki angalau ameshapigiwa makofi, huyu wa ampu hajapigiwa hata moja.

Kwa daftari rudi nyuma pia, maana vijana wengi hudhani roki ya Nairobi ilianza na wao. Miaka ya 70 kulikuwa na bendi kama Black Savage hapa hapa mjini wanapiga magita ya umeme, na ndani yake alipita Job Seda, ambaye baadaye dunia ilikuja kumjua kama Ayub Ogada na nyatiti yake, kile kinanda cha nyuzi cha Waluo. Alifariki 2019. Ukimwambia kijana wa miaka 19 mwenye fulana nyeusi ya bendi ya Norway kwamba yule mzee wa nyatiti alipitia kwa bendi ya magita Nairobi anakuangalia kama unamdanganya. Kwa hivyo tenga kona moja ya ukumbi ya hizo historia, meza tu, mabango ya zamani, tiketi, kanda, picha zilizochapishwa. Waambie watu waje na zao. Mimi huweka mtu mmoja hapo mwenye simu nzuri anapiga picha kila karatasi na kuandika imetoka kwa nani, kwa sababu bango la gigi la ile baa ya Choices pale Baricho Road likishapotea limepotea, hakuna makumbusho inayokuwekea.

Halafu chagua wa kushukuriwa. Wasizidi kumi. Najua inauma, kuna Parking Lot Grass, Murfy's Flaw, Rash, Last Year's Tragedy, Crystal Axis, na kila mtu ana bendi yake moyoni, lakini ukishukuru watu arobaini kwa usiku mmoja hujashukuru mtu, umesoma rejista. Wengine watangoja sherehe ya mwaka ujao. Gawa nusu kwa nusu, tano wapigaji, tano wasiopanda jukwaani. Usiweke kura ya mtandaoni. Tulijaribu, mshindi akawa mwenye binamu wengi.

Na tafadhali usingoje mtu ashangiliwe nje kwanza ndio umkumbuke. Duma, ile bendi ya Martin Khanja na Sam Karugu, albamu yao ya kwanza ilitolewa 2020 na lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, na wengi wetu hapa tulianza kuwataja baada ya kuona wazungu wamewaandika. Wakati hao wawili walikuwa wanapiga kwa bendi zao za awali kwenye kumbi zetu tulikuwa tunabishana juu ya kiingilio. Ilikuwa aibu kidogo, na mimi nilikuwa mmoja wa wabishi.

Sasa zawadi. Achana na vikombe. Wapiga dramu wa metali huvunja matoazi kila wakati, na toazi likishapasuka hakuna mtu analitaka, limekaa chini ya kitanda. Zikusanye. Peleka Kamukunji kwa mafundi wa jua kali. Yule niliyempata aliliangalia akaligonga na ukucha akasikiliza, akaniambia hii si bati, hii ukiipiga nyundo itakatika, akalikata pole pole na msumeno huku kijana wake anamwagia maji, vipande vya pembetatu vya ukubwa wa kiganja, akapiga kingo tupa mpaka zikawa laini, akatoboa tundu moja. Juu yake bado unaona mistari ya duara na doa jeusi la jasho la mikono. Tukawachorea majina. Niliona jamaa mmoja mkubwa, ndevu mpaka hapa, ameshika hicho kipande anakigonga na kidole na kukiweka sikioni. Na cha maana zaidi, kila kipande tuliandika kwa karatasi kimetoka kwa toazi la nani na lilipasukia gigi gani, kwa wale waliokumbuka.

Kuhusu majina: uliza. Mtu anaitwa jina la jukwaani au la kitambulisho? Kuna mhasibu ninayemjua anapiga gita la panki, ile roki ya haraka na kelele, na ofisini hawajui, hakutaka jina lake kamili wala picha ya uso. Uliza mapema, andika, na mpiga picha apewe hiyo orodha. Na uangalie herufi mara mbili, hakuna tusi kama shukrani yenye jina limekosewa.

Siku nzuri ni Jumapili, kuanzia saa tisa mchana hadi saa tatu usiku. Watu watalia kwamba roki ni usiku, waache walie. Kwanza wapiga dramu wetu nusu wanapiga kanisani asubuhi, wakimaliza ibada wako huru na mikono imeshapata moto. Pili matatu bado ziko. Tatu, na hii ndio sababu yangu kubwa, wazazi wanaweza kuja. Unajua vile kwetu ukivaa nyeusi na nywele ndefu shangazi anaanza kuuliza kama umeingia ile dini ya shetani. Mama mmoja alikuja na Biblia kwa mkoba, akakaa nyuma karibu na mlango, kijana wake alipopanda akaanza kupiga dramu, mama akasimama. Alisimama wimbo wote. Baadaye aliniuliza, hiyo miguu anaipeleka aje haraka hivyo na kwa nyumba hawezi kukimbia dukani?

Ukumbi mwenyewe usiwe mkubwa. Watu themanini kwa ukumbi wa watu mia ni sherehe, watu themanini kwa ukumbi wa mia tano ni matanga. Kabla hujalipa chochote muulize mwenye ukumbi leseni zake za burudani na za muziki, uzione kwa macho, na muulize majirani ni nani, kwa sababu kuna kanuni za kelele za NEMA, mamlaka ya mazingira, tangu 2009 na jirani akipiga simu, mikisa yako, ile mashine ya kuchanganya sauti, inaweza kulala kituo cha polisi. Uliza pia kuhusu jenereta. Stima ikipotea katikati ya wimbo wa panki watu wataimba wenyewe, sawa, lakini katikati ya kumshukuru mtu ni uchungu.

Halafu ongea na mabaunsa. Hapa sichezi. Kuna ukumbi mmoja, siutaji, bendi ilianza, watu wakafungua lile duara lao la kusukumana, na baunsa ambaye hajawahi kuona hiyo kitu akadhani ni vita akaingia na rungu. Kijana mmoja alishonwa nyuzi nne. Kosa lilikuwa letu pia, hatukumwambia mtu. Sasa hivi mapema kabla milango kufunguliwa nawaita mabaunsa wote, nawaonyesha video kwa simu, nawaeleza sheria ya duara: wanasukumana, hawapigani, na mtu akianguka wote walio karibu wanasimama wanamwinua. Ukiona ameanguka na hakuna anayemwinua, hapo ingia. Wengi hucheka. Mmoja alituomba zamu iishe aingie duara na yeye.

Upande wa vyombo. Dramu seti moja, ya kushirikiana, lakini kila mpiga dramu aje na matoazi yake, snea yake (ile ngoma ndogo ya kati) na pedeli yake ya mguu. Ampu mbili za gita na moja ya besi, zibaki pale pale jukwaani. Bendi nne zinatosha, dakika 20 kila moja. Saundi cheki ifanywe kinyumenyume, bendi ya mwisho icheki kwanza na bendi ya kwanza icheki mwisho, ili ikimaliza vyombo vyake viko tayari na mnaanza hapo hapo. Hii kitu ndogo inaokoa saa nzima na bado kila wiki naona watu wanafanya vingine.

Maneno ya jukwaani yawe mafupi. Katikati ya bendi na bendi, wakati nyaya zinabadilishwa, ndio unashukuru watu watatu au wanne. Dakika mbili kwa mtu. Na asiseme emsii asiye na uhusiano wowote. Aseme yule aliyefaidika, na aseme jambo moja tu lililofanyika. Usiseme "amechangia sana kukuza muziki wetu", hiyo inaweza kusemwa juu ya mtu yeyote hata mbunge. Sema: siku ile gita langu lilikatika nyuzi mbili kabla ya kupanda, huyu dada alikuwa shabiki tu mbele, akatoka na boda mpaka mjini akarudi na nyuzi na hakutaka pesa. Basi. Mpe kipande chake cha toazi, watu wapige kelele, endelea.

Kuna mtu ataleta ile ya mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wanaroki wetu hakuna aliyewahi kuwasifu mpaka wakajisahau, tembo bado kali, usiwe na wasiwasi.

Kwa bendi waombe kila moja ipige wimbo mmoja wa bendi nyingine ya hapa. Sio wa Marekani, wa hapa. Hapo ndio utaona mtu mzima analia, akisikia wimbo alioandika bedsita Umoja miaka kumi iliyopita unapigwa na watoto ambao hata hawamjui. Na usiogope nyimbo nzito. Crystal Axis wana wimbo kuhusu Nyayo House, lile jengo la serikali hapa mjini, na zile seli za mateso chini yake, na panki ikibeba kitu kama hicho hata mzazi aliyeziba masikio anafungua kidogo, kwa sababu hiyo hadithi anaijua kuliko sisi.

Waliokufa wakumbukwe pia. Sisi hatukai kimya, tunawasha magita yote, sauti juu, yaachwe yalie yenyewe dakika moja, na majina yanasomwa juu ya hiyo kelele.

Pesa sasa. Kubalianeni kabla, kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa WhatsApp ambao kila mtu amejibu "sawa". Kiingilio kiende kwa till moja ya M-Pesa ambayo watu wawili wanaona, sio namba ya simu ya promota. Anayelipwa kwanza ni mtu wa saundi, kabla hajafunga nyaya, halafu usafiri wa bendi, halafu ukumbi, kinachobaki mnagawana au mnaweka kwa chama cha kutengeneza ampu. Na bango liandike majina ya bendi zote kwa ukubwa mmoja, mimi nimeona urafiki wa miaka ukivunjika kwa sababu ya herufi.

Kesho yake weka picha na rekodi kwa watu, na kila faili iandikwe nani alipiga, nani alirekodi, nani alishika taa. Weka nakala kwa flashi mbili na uzipe watu wawili wasioishi nyumba moja.

Kabla ya kuzima taa hesabu nyaya na mtu wa saundi, msaidie kuzipeleka mpaka kwa gari, na safari hii awe na gari. Na kama umeondoka na pedeli ya dramu ambayo si yako irudishe Jumatatu. Ina chemchemi ya bluu na mkanda wa kitambaa upande wa kushoto. Naijua.